Beni ao Butembo: kilomita 54 na historia mbili

BENI – Familia inayoingia mjini kutoka Mbau, Oicha ao Eringeti, godoro limefungwa nyuma ya pikipiki na watoto wamebanwa kati ya dereva na mama yao, inaulizwa swali moja na jamaa zake kabla ya kupewa hata maji ya kunywa: mutabaki hapa, ao mutapanda Butembo?

Watu wanasema "kupanda" kwa sababu Butembo iko milimani, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Beni iko chini, kwenye joto, ukingoni mwa msitu mkubwa unaoendelea hadi Ituri. Kati yao kuna kilomita 54 tu za barabara ya taifa nambari 2. Ni miji miwili ya Kivu ya Kaskazini, yenye askofu mmoja wa Kanisa Katoliki, na mara nyingi watu wake ni wa ukoo mmoja. Hata hivyo, mtu aliyezoea maisha ya mmoja anaweza kuhangaika mwaka mzima katika mwingine.

Jibu la swali lile linatafutwa mara nyingi katika bei: kodi ya nyumba ni ngapi, minervali ni ngapi, unga wa muhogo ni ngapi sokoni. Bei zinabadilika kila mwezi. Kinachobadilika polepole ni tabia ya mji, namna unavyompokea mtu aliyekuja bila kitu, na tabia hiyo imetoka mbali. Beni ilianza kama kituo cha serikali na ikakua kwa shamba. Butembo ilianza kama kambi ya wafanyakazi na ikakua kwa soko. Familia inayochagua kati ya miji hii inachagua, hata kama haijui, kati ya mambo hayo mawili.

Mji uliohama

Beni ya leo si Beni ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa upande wa mashariki, katika bonde la mto Semliki, ambako dola ya mfalme Leopold II iliweka kituo chake mwishoni mwa karne ya 19. Mpaka leo mahali hapo panaitwa Vieux-Beni, Beni ya zamani. Bonde lile lilikuwa na watu, mashamba na njia za biashara. Kisha ukaja ugonjwa wa malale unaoletwa na mbung'o, na Wabelgiji wakawaondoa wakaaji katika sehemu kubwa za bonde. Mbuga ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kupanuliwa mwaka 1929 na 1935, ikachukua ardhi iliyokuwa imebaki bila wenyewe. Siku hizi inaitwa mbuga ya Virunga.

Kwa hiyo mji ambao leo unapokea wakimbizi ulihamishwa wenyewe, na jambo lile la zamani halijaisha. Mpaka wa mbuga unapita karibu sana na mitaa ya mashariki ya Beni. Ugomvi wa Mayangose, ambako wakulima wanadai ardhi ya babu zao na wasimamizi wa mbuga wanasema ni ndani ya mpaka, umepita kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Mtu aliyefika Beni juzi na kuambiwa kwamba kuna shamba la bei rahisi "kule" anafanya vizuri kuuliza kwanza "kule" ni wapi.

Beni mpya ilipewa kazi ya kutawala. Ilikuwa makao ya wilaya, pamoja na ofisi ya msimamizi, mahakama, gereza na askari. Ilipewa pia njia. Barabara ya taifa nambari 4, inayotoka Kisangani na kupita Komanda, inaingia Beni kabla ya kuteremka Kasindi kwenye mpaka wa Uganda. Barabara nambari 2 inayotoka Goma na Butembo inaishia papo hapo. Lori la mbao kutoka msituni, lori la mafuta kutoka Kenya, lori la ndizi kutoka Mangina, yote yanakutana Beni. Mji uliokaa kwenye njia panda hivi unazoea wageni. Ndiyo maana katika masoko ya Beni lugha ya kwanza kusikika ni Kiswahili: Wanande, Wambuba, Walese, Watalinga, watu wa Ituri na watu wa Kisangani wanahitaji lugha ya kuuziana.

Lakini serikali na njia havishibishi watu. Kilichoshibisha Beni ni udongo. Wakati wa ukoloni na baadaye ilikuwa kahawa ya robusta, mawese, mbao, na utomvu wa papai uliokaushwa na kuuzwa nje. Kahawa ndiyo ilijenga nyumba nyingi za matofali ambazo bado zinasimama. Kisha ugonjwa wa kunyauka ukaingia katika mibuni. Mti mzima unakauka tawi baada ya tawi, na dawa haina. Mkulima anang'oa na kuchoma. Kufikia miaka ya 1990 mashamba mengi ya robusta kaskazini-mashariki mwa Kongo yalikuwa yameangamia. Kwa muda, Beni ilikuwa mji wa ofisi zisizolipa mishahara na mashamba yasiyo na mazao ya kuuza.

Kakao ndiyo iliiamsha tena, hasa kuanzia miaka ya 2000. Inapenda joto na kivuli cha msitu, na mkulima mdogo anaweza kuipanda katikati ya migomba. Anayeijua Beni kabla ya kakao na baada yake ameona mabati yakichukua nafasi ya majani kwenye nyumba za Mbau, Oicha na Mangina. Na ni kakao hiyo hiyo inayofanya watu warudi kuvuna hata wakijua kwamba kuna hatari porini. Mti unahitaji miaka mitatu ao zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Mtu hauachi kirahisi.

Kambi iliyokuwa soko

Butembo ina mwaka wa kuzaliwa: 1928, wakati kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs, MGL, ilipoweka hapo kituo chake kwa ajili ya dhahabu. Wafanyakazi walijengewa kambi, na mahali palipo na wafanyakazi wanaolipwa, mwenye maharage na mwenye ndizi hawachelewi kufika. Makao ya wilaya hayakuwekwa hapo. Yaliwekwa Lubero, kama kilomita 45 kusini. Mpaka Butembo ilipopewa hadhi ya mji wenye komini nne (Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba), ilikuwa imekuwa kubwa kuliko makao yanayoitawala kwa miaka mingi sana.

Hiyo ndiyo siri ya tabia yake. Mfanyabiashara wa Butembo hakuzoea kumngojea msimamizi. Hata kabla ya wakoloni, watu wa milima ile walivuka bonde kwenda kuchukua chumvi ya Katwe, ambayo leo iko Uganda, na kuibadilisha kwa chakula. Baada ya uhuru walipeleka maharage na mboga za baridi za Lubero mpaka Kisangani na kutoka hapo mpaka Kinshasa. Mwaka 1973, Mobutu alipowanyang'anya wageni maduka na mashamba na kuwapa Wazaire, sehemu nyingi za nchi ziliona mali ikiliwa na wakubwa waliotoka mbali. Butembo ilikuwa tayari na wafanyabiashara wake wenyewe, na ndio walioendelea. Barabara ya kwenda Kisangani ilipoharibika waligeuka mashariki: Kasindi, Kampala, Nairobi, Mombasa, kisha Dubai na miji ya China. Pikipiki, vitenge, mabati, sabuni, dawa, vyote vilifika Butembo kwanza, halafu vikatawanyika.

Kanisa nalo lilisoma mwelekeo wa mambo. Jimbo la Kikatoliki lililoundwa mwaka 1959 liliitwa jimbo la Beni. Mwaka 1967 likabadilishwa jina na kuwa Butembo-Beni, Butembo mbele. Askofu wake wakati huo alikuwa Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza kuanzia mwaka 1966 mpaka 1997. Ni yeye aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mwaka 1989, miaka ambayo serikali ya Mobutu ilikuwa haiwezi tena kulipa walimu wake. Mwanzoni mwa mwaka 2000, akiwa tayari askofu mkuu wa Bukavu, waasi wa RCD walimzuia kurudi huko kwa sababu ya barua na mahubiri yake dhidi ya uonevu, wakamrudisha uhamishoni Butembo kwa miezi saba. Alikufa Roma mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Jina lake bado linatajwa kila mahali mjini, na si na Wakatoliki peke yao.

Umeme ni mfano mzuri wa nguvu ya Butembo na mipaka yake. Kwa miongo mingi mji huu mkubwa haukuwa na umeme wa serikali. Mwenye duka alikuwa na jenereta, mwenye mashine ya kusaga alikuwa na jenereta, na usiku mji mzima ulinguruma. Wafanyabiashara walichanga na kuunda shirika lao, SENOKI, ili wajenge kiwanda cha umeme wa maji. Pesa zilitolewa, mwaka ukafuata mwaka, na taa hazikuwaka. Michango inaweza kutengeneza barabara ya udongo na kujenga shule. Bwawa la umeme ni jambo jingine. Ni katika miaka ya karibuni tu nyaya za makampuni ya umeme wa maji zimeanza kufika katika mitaa, na hata hapo pamekuwa na maandamano na magomvi juu ya bei na juu ya nani ana haki ya kuuza.

Watu wa Butembo wanapenda kusema kwamba mji wao haukujengwa na serikali. Ni kweli, lakini si kweli yote. Bidhaa za Butembo zinapita kwenye forodha ya Kasindi, na Kasindi iko katika wilaya ya Beni. Wakati wa vita vya 1998 mpaka 2003, kundi la RCD-K/ML la Mbusa Nyamwisi liliweka makao yake Beni. Wafanyabiashara wakubwa wa Butembo walilipa ushuru mbele, kabla bidhaa hazijafika, na kundi likawapunguzia kiasi cha kulipa. Utawala ulikuwa Beni, pesa zilikuwa Butembo, na kila upande ulimshika mwenzake mkono. Hakuna mji hapo uliosimama peke yake.

Waliotelemuka na wanaopanda

Kuna jambo ambalo vijana wengi waliozaliwa Oicha ao Mangina hawakuelezwa. Wengi wao ni wajukuu wa watu wa milimani.

Milima ya Lubero ni baridi, inazaa vizuri, na imejaa. Baba alikuwa na kilima, watoto sita wakagawana, wajukuu wakabaki na mistari ya shamba isiyotosha hata viazi. Tangu zamani za wazazi wao, familia zilianza kutelemuka kutafuta ardhi: kwanza kuzunguka Beni, kisha Mangina, Oicha, Eringeti, na baadaye kuvuka mpaka wa Ituri mpaka Mambasa na Irumu. Walienda kwa chifu wa mahali, wakatoa mbuzi ao pesa, wakaonyeshwa msitu wa kufyeka. Wenyeji wa msitu, Wambuba na Walese na Wambuti, hawakuona jambo hili kwa furaha wakati wote, na haifai kulificha: sehemu ya ugomvi wa ardhi wa leo ilianza na mbuzi yule, kwa sababu aliyepokea alifikiri amekopesha na aliyetoa alifikiri amenunua.

Katika miaka ile Beni ilikuwa mahali pa kukimbilia. Mwaka 2002 na mwanzo wa 2003, vita vya Ituri na mauaji ya Mambasa viliwasukuma watu wengi sana mpaka Eringeti, Oicha na Beni mjini. Mwezi wa Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde, karibu na Bunia, ilishambuliwa na watu wengi waliuawa. Wauguzi, wagonjwa na familia zao walitembea kwa miguu kupitia msitu mpaka wakafika upande wa Oicha na Beni. Hospitali ilifunguliwa tena Beni, na ingawa Nyankunde yenyewe ilijengwa upya baadaye, CME ya Beni ilibaki. Mama anayejifungua pale leo anatibiwa katika hospitali iliyoletwa na wakimbizi.

Kisha mwezi wa Oktoba 2014 hesabu iligeuka. Mauaji yanayosemwa kufanywa na ADF yalianza kupita kijiji kwa kijiji katika wilaya ya Beni, na hayakusimama kwenye mlango wa mji. Ngadi ilishambuliwa mwezi ule wa Oktoba. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016 ilikuwa zamu ya Rwangoma, ndani ya mji kabisa. Walioweza walipanda Butembo.

Waliopokelewa pale hawakuwekwa katika kambi kubwa za mahema kama zile zilizokuwa kandokando ya Goma. Wengi waliingia kwa shangazi, kwa mjomba, kwa mtu waliyesali naye. Ndiyo sababu ukimbizi wa Butembo hauonekani vizuri kwa mgeni anayepita na gari. Hauna mahema. Uko ndani ya nyumba ya vyumba viwili inayolala watu kumi na wanne, na uko katika sufuria. Familia iliyotelemuka miaka hamsini iliyopita kwa sababu ardhi ilikuwa ndogo imerudi juu, na ardhi ya juu haikuongezeka wakati haiko.

Mgeni anapata nini

Beni inampa mgeni kazi ya siku. Kuna kuvuna na kukausha kakao, kupasua mbao, kubeba mizigo kwenye maegesho ya malori, kupika sombe na kuuza kando ya barabara. Mtu asiye na ndugu hata mmoja anaweza kufika asubuhi na kula jioni. Nyumba nyingi za pembeni ni za mbao, na kodi yake kwa kawaida ni rahisi kuliko ya nyumba ya matofali. Hakuna anayeshangaa lafudhi yake. Zaidi ya yote yuko karibu na shamba lake, na siku jeshi likisema njia imefunguka anaweza kwenda kuangalia kama kakao imeoza mtini. Ukaribu huo ndio unaoua pia. Wengi waliouawa katika miaka hii walikuwa wamerudi kuchuma chakula ao kakao kwa siku moja tu. Na kuna malaria, ambayo chini kwenye joto haina likizo.

Butembo inadai zaidi kabla ya kutoa. Mwenye nyumba anataka garanti ya miezi kadhaa. Viwanja vya katikati vimekwisha zamani, na kinachobaki kwa mnyonge ni mteremko ambao mvua ya Novemba inaukata vipande. Sokoni wanaelewana kwa Kinande. Asiyekijua anauziwa, lakini hasikii bei ya ndugu. Baridi inawasumbua watoto waliozaliwa Eringeti, wasiojua sweta. Na hakuna shamba jirani la kumkodisha mtu kwa jembe peke yake. Anayepanda Butembo bila pesa ya kuanzia na bila ukoo atabeba mizigo ya wengine muda mrefu.

Lakini akipata mlango, Butembo ina ngazi ambayo Beni haina. Mama anaanza na kilo tano za viazi, anaingia likelemba ya majirani, zamu yake ikifika ananunua gunia. Mwenye duka anampa kijana aliyependekezwa na mchungaji ao na mjomba bidhaa za kuuza kwanza na kulipa baadaye. Hakuna karatasi inayotiwa sahihi. Kinachoshikwa rehani ni jina la ukoo. Wengi wa matajiri wa mji, wakisimulia mwanzo wao, wanasimulia jambo la namna hii. Shule ni nyingi, vyuo ni vingi, na pamoja na hospitali ya Matanda ya Wakatoliki kuna ya Katwa ya Wabaptisti. Beni nayo ina Chuo Kikuu cha Kikristo chenye lugha mbili, UCBC, tangu mwaka 2007, kwa hiyo isisemwe kwamba elimu iko juu tu. Bado, familia yenye watoto wakubwa wa shule ikiuliza wazee, mara nyingi inaelekezwa Butembo, na yenye shamba linalozaa inaambiwa ibaki Beni. Ushauri huu ni wa busara kwa familia ya zamani, yenye kitu kimoja ao kingine. Kwa iliyopoteza shamba na haina minervali haujibu lolote, na familia za namna hii ndizo nyingi sasa.

Wengine wanajigawa. Baba anabaki Beni na jembe, mama na watoto wanapanda. Inaokoa shule, lakini inavunja nyumba nyingi, na jambo hili linazungumzwa kidogo kuliko inavyostahili.

Miji miwili, adhabu moja

Kuna miaka ambayo tofauti hizi hazikusaidia kitu. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola Mangina, karibu na Beni. Ugonjwa ulipanda Butembo na Katwa haraka, kwa njia ile ile ya jamaa na soko. Ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Katikati yake, mwezi wa Desemba 2018, wapiga kura wa Beni na Butembo waliambiwa kwamba uchaguzi wao unasogezwa mpaka Machi 2019 kwa sababu ya ugonjwa na usalama, wakati rais angekwisha kuapishwa. Beni watu walipanga mistari tarehe 30 Desemba na kupiga kura yao wenyewe ya mfano, baada ya kunawa mikono. Butembo hasira ilienda mpaka kwenye vituo vya matibabu: kile cha Katwa kilichomwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani kutoka Kameruni aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu. Watu waliokatazwa kupiga kura kwa ajili ya Ebola walikuwa wameanza kuona Ebola kama mbinu ya siasa, na gharama ya wazo hilo ililipwa na wagonjwa.

Beni ilionyesha hasira yake kwa namna ya mtoto wa serikali. Tarehe 25 Novemba 2019, baada ya mauaji mengine, waandamanaji waliichoma ofisi ya meya na kuingia katika kambi ya MONUSCO ya Boikene. Walikuwa wakidai ulinzi kutoka kwa wale ambao kazi yao ni ulinzi. Mwezi wa Mei 2021 ikaja hali ya kuzingirwa, na viti vya mameya vikakaliwa na maafisa wa polisi, Beni na Butembo pia.

Tarehe 16 Juni 2021 marais Tshisekedi na Museveni walikutana kwenye mpaka wa Kasindi na Mpondwe kuzindua kazi ya barabara: kilomita 80 za Kasindi mpaka Beni, na zile 54 za Beni mpaka Butembo. Ni mara chache serikali mbili zimezungumza juu ya kilomita ambazo akina mama wanazijua kwa mguu. Barabara nzuri inapunguza bei ya unga, na inampa Butembo haja ndogo zaidi ya kuitegemea Beni kama kituo. Haizuii risasi. Kabasha na Maboya, zilizo kwenye njia hiyo hiyo, zimeona mashambulizi.

Kupanda si jibu tena

Kwa miaka kumi kanuni ilikuwa rahisi: hatari iko kaskazini, usalama uko kusini. Mwaka 2024 kanuni hiyo ilivunjika pande mbili. Mwishoni mwa mwezi wa Juni M23 waliichukua Kanyabayonga, na watu wa kusini mwa Lubero wakaanza kumiminika kuelekea Lubero na Butembo. Mwezi ule ule ADF walikuwa wakiua katika vijiji vya wilaya ya Lubero, magharibi mwa Butembo, mahali ambapo wakimbizi wa Beni walikuwa wamekodisha mashamba wakiamini wamefika mbali.

Kisha Goma ikaanguka mwishoni mwa Januari 2025. Serikali ya jimbo ikahamia Beni pamoja na gavana mpya wa kijeshi, Evariste Somo Kakule. Mji wa Semliki uliohamishwa na malale, uliotawala wilaya, uliopitwa na jirani yake na hata kupoteza nafasi ya mbele katika jina la jimbo la askofu, sasa unabeba ofisi za Kivu ya Kaskazini. Wafanyakazi wa serikali wanatafuta nyumba, mashirika yanatafuta nyumba, na mwenye nyumba anajua hesabu. Anayeumia kwanza ni mkimbizi wa Eringeti aliyekuwa analipa kodi ndogo kwa chumba cha mbao.

Butembo nayo inapokea watu ambao safari hii si wajukuu wanaorudi. Waliotoka kusini ya mbali hawana shangazi Kimemi. Mlango wa ukoo, uliookoa mji usiwe na kambi tangu 2014, ni mwembamba kwao, na komini zinatafuta shule na makanisa ya kuwalaza.

Katika vyumba vya Vulamba na Mususa kuna mifuko ya plastiki iliyotundikwa juu, mahali ambapo panya hafiki. Ndani yake kuna kadi ya uchaguzi, karatasi ya ubatizo, na karatasi ya chifu inayosema kwamba shamba la Mbau, kutoka kijito mpaka mti fulani, ni la babu. Mwezi wa mavuno ukifika, mmoja wa familia anaitoa, anaisoma tena, na kuuliza waliotoka chini kama njia iko wazi.